Ngozi ya mama wakati wa mionzi: siku ngumu huja akisharudi nyumbani

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Kongwa. Alitolewa titi la kulia kwa sababu ya saratani, akamaliza dawa za dripu, na sasa amepangiwa mionzi siku 15 Ocean Road, Dar es Salaam. Jirani yetu aliyetibiwa huko alirudi ngozi ikiwa nyeusi tu, lakini baada ya wiki moja kwapa likachubuka na kutoa maji. Watu wanasema mama asioge kipindi chote cha mionzi, na apakwe mafuta ya kondoo. Niandae nini? Na yakimpata ya jirani, nifanyeje?"

Marahaba. Yaliyompata jirani yenu hayakutokana na uzembe wa mtu. Ngozi iliyopigwa mionzi ndivyo inavyokwenda: mara nyingi haisemi kitu siku za mwanzo, huanza kubadilika wiki ya pili au ya tatu, halafu huendelea kuharibika hata baada ya tiba kwisha. Kilele chake ni wiki moja hadi mbili baada ya siku ya mwisho ya mionzi. Sasa piga hesabu ya mama yako. Siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa, ni wiki tatu. Wiki hizo tatu yuko Dar es Salaam, karibu na wauguzi, ngozi ikiwa imetulia kiasi. Wiki ya nne na ya tano, ambazo ndizo ngumu, zitamkuta Kongwa. Kwa hiyo maandalizi makubwa ni ya siku 14 za kwanza baada ya kurudi, na vifaa vyake vitafutwe kabla hajapanda treni au basi la kurudi Dodoma.

Sababu ya kuchelewa huku ni muhimu kuielewa, maana ndiyo inayokuonyesha dawa ipi ina maana na ipi haina. Tabaka la juu la ngozi hujengwa kutoka chini. Seli za chini hugawanyika, hupanda juu taratibu, na baada ya kama wiki nne hupukutika. Mionzi huziumiza zile za chini zinazogawanyika. Za juu hubaki mahali pake mpaka muda wake uishe, kwa hiyo kwa nje ngozi huonekana nzima. Zikishapukutika, chini hakuna za kutosha kushika nafasi. Upungufu ukiwa mdogo, ngozi hukauka, huwasha na kutoa magamba. Ukiwa mkubwa, ngozi hufunguka na kutoa majimaji. Si kuungua kwa moto, hata kama watu husema "kuunguzwa na mionzi". Ndiyo maana dawa za kienyeji za kuungua hazifiki kwenye tatizo lenyewe: seli za chini zinahitaji muda, na kazi yetu ni kuilinda ngozi mpaka zijazane tena.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mengi hulikosea kwa watu weusi. Wanaambiwa wasubiri ngozi "iwe nyekundu". Ngozi ya mama haitakuwa nyekundu. Itakuwa nyeusi zaidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, au kijivu kama yenye majivu, na kwa sababu hiyo hatua ya mwanzo hupita bila mtu kuiona. Tumia mkono. Kila jioni, kwa mikono safi, gusa kifua cha kulia kisha cha kushoto kwa nyuma ya vidole. Upande wa mionzi ukiwa wa moto kuliko mwingine, ukikaza, au mama akisema panachoma nguo ikigusa, hatua ya kwanza imeanza. Piga picha kila siku mbili mahali palepale, kwenye mwanga wa mchana, bila mweko wa kamera. Picha hizo zitamsaidia muuguzi yeyote utakayemwendea baadaye.

Kwa aliyetolewa titi, mahali pa kuchunguza kwanza ni kwapa, kisha mstari wa kovu, kisha sehemu ya chini ya kifua penye mkunjo, na eneo la juu ya mtulinga. Kwapa hutangulia kwa sababu ngozi hugusana na ngozi, kuna jasho, na mkono husugua mchana kutwa. Tena kwa waliotolewa titi, wakati mwingine wataalamu huweka kitu laini kama mpira juu ya kifua wakati wa tiba, makusudi, ili dozi ifike kwenye ngozi yenyewe. Mama aulize kama atawekewa. Akiwekewa, tegemeeni ngozi kuathirika zaidi na mjiandae kwa kuchubuka. Wengine walio kwenye hatari zaidi ni wenye kisukari kisichotulia, wenye uzito mkubwa, wanaovuta sigara na wasiokula vya kutosha. Habari njema kwa mama yako ni kwamba mpango wa siku 15 huumiza ngozi kidogo kuliko ule wa zamani wa siku 25.

Sasa hilo la kutooga. Aoge kila siku. Katazo hili lilikuwepo hata hospitalini miaka ya nyuma, lakini tafiti zilizowalinganisha wanaooga na wasiooga zilionyesha kuwa kuoga kwa maji na sabuni laini hakuongezi madhara. Kutooga ndiko kuna hasara, kwa sababu jasho na mafuta hubaki ngozini, na vijidudu huongezeka mahali ambapo ngozi itafunguka wiki chache baadaye. Vijidudu vina sehemu kubwa kuliko tulivyodhani. Utafiti wa New York uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kupunguza bakteria waishio puani na kwenye ngozi, kwa dawa maalumu, kulipunguza vidonda vikali vya mionzi. Tiba hiyo huandikwa na daktari, na kumwaga dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo ya maji si tiba hiyo, usifanye hivyo.

Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni iwe ya kuogea isiyo na manukato makali. Ya mche ya kufulia isiguse kifua. Atumie kiganja, asitumie dodoki wala kitambaa kigumu. Maji ya visima vyetu vya Dodoma mengi yana chumvi na hayatoi povu vizuri, kwa hiyo utando wa sabuni hubaki ngozini na kuwasha. Suuza mara mbili, na kama kuna maji ya mvua au ya kununua, yawe ya suuzo la mwisho. Kausha kwa kugusagusa na kanga kuukuu laini, usisugue, na hakikisha kwapa limekauka kabisa. Alama alizochorewa na wataalamu kuonyesha mashine ipige wapi zisifutwe. Zikififia asizichore mwenyewe, awaambie.

Kuhusu dawa ya kupaka, iliyo na ushahidi imara wa kuzuia ni krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), hasa mometasoni ya asilimia 0.1. Huanza siku ya kwanza ya mionzi, ngozi ikiwa bado nzima, mara moja kwa siku (madaktari wengine huandika mara mbili), na huendelea wiki moja hadi mbili baada ya mionzi kwisha. Betamethasoni pia hutumika. Inapunguza mwasho, moto na uwezekano wa ngozi kufunguka. Ni dawa ya kuandikiwa, kwa hiyo mama aombe cheti kwa daktari wake wa mionzi siku ile ya kupimwa na kuchorwa, asisubiri ngozi ianze kuwasha. Kipimo ni hiki: mkamulo wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo chake cha kwanza ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Kifua na kwapa vya mama ni kama viganja vinne, yaani gramu moja kwa siku. Wiki tatu za tiba na mbili za baadaye ni siku 35, gramu 35. Tyubu za gramu 15 zitahitajika tatu. Wengi hupewa moja, ikiisha hudhani dozi imekwisha, na inaisha karibu na siku zile ngozi inapoihitaji zaidi.

Mpaka wake ni huu: steroidi haipakwi kwenye ngozi iliyofunguka wala penye usaha. Na hapa nikuombe sana, usiende duka la dawa ukaomba "krimu ya mwasho". Zile tyubu zilizochanganya steroidi kali na dawa ya fangasi na ya bakteria si hizi ninazozisemea, na huweza kuchubua na kukondesha ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Mkorogo na krimu zozote za kung'arisha ziondoke kabisa nyumbani kipindi hiki, hata kama shida ni ule weusi wa kifuani. Weusi huo hupungua wenyewe kwa miezi.

Juu ya dawa hiyo, ngozi ilainishwe mara mbili au tatu kwa siku kwa losheni isiyo na manukato. Ikitangulia mometasoni, subiri kama nusu saa ndipo losheni. Kabla ya kuingia kwenye mashine ngozi iwe haina tabaka nene la kitu chochote. Utando mwembamba uliokwisha kunywewa haubadilishi dozi, lakini mafuta yaliyojazwa kwa unene wa milimita kadhaa huipandisha dozi ya mionzi juu kwenye ngozi yenyewe. Rahisi zaidi, losheni ya asubuhi ipakwe saa chache kabla, nyingine baada ya tiba.

Mafuta ya kondoo yanaangukia hapohapo. Ni mazito, yanaganda, na yakipakwa asubuhi kabla ya mashine yanafanya kinyume cha unachotaka. Yakipakwa kwenye ngozi iliyofunguka yanafungia uchafu ndani, maana hayakutengenezwa kwa usafi wa kidonda. Shubiri imejaribiwa mara nyingi kwa wagonjwa wa mionzi na haijathibitika kuzuia madhara. Na utomvu wa jani bichi kwenye kidonda ni kuingiza vijidudu. Dawa ya meno, spiriti na unga, hapana. Dawa ya bluu ile ya zahanati nayo niiseme wazi, kwa sababu huku kwetu hupakwa kila mahali: inakausha, inachoma, na inapaka rangi eneo lote hivi kwamba muuguzi hawezi tena kuona kama kidonda kinapona au kinaoza.

Nguo zina nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Mama zetu hujifunga kanga kifuani, na fundo linakaa palepale: ama katikati ya kifua, ama chini ya kwapa la kulia. Fundo hilo, likisugua siku nzima kwenye ngozi iliyoishiwa seli, linatosha kuifungua. Kwa wiki sita hivi, kanga ifungwe kiunoni, na juu avae fulana ya pamba iliyolegea, iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri. Sidiria isivaliwe, wala titi la bandia, mpaka ngozi ifunge. Mkoba uende bega la kushoto. Mjukuu asibebwe mgongoni kwa mbeleko, kwa kuwa mkanda wake unapita juu ya kovu au chini ya kwapa. (Kumpakata hakuna tatizo lolote, mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, na mama hamwambukizi mtu.) Safarini, mkanda wa gari ukipita juu ya kifua, weka kanga laini iliyokunjwa katikati, lakini afunge mkanda.

Kwapa asilinyoe kwa wembe, wala kwa krimu ya kuondoa nywele. Kizuia jasho alichozoea anaweza kuendelea nacho ngozi ikiwa nzima, ikifunguka aache. Plasta isibandikwe mahali popote ndani ya eneo la mionzi, kwa sababu ikibanduliwa huondoka na ngozi.

Dar es Salaam shida itakuwa jasho. Dodoma ni jua, upepo na vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wetu mkavu hupasua hata midomo ya watu wazima wenye afya, basi losheni iongezwe kipindi hicho. Jua lisiguse eneo hilo kabisa. Kitenge kizito mabegani kinalinda kuliko kanga iliyochakaa. Asikae kifua wazi mbele ya mafiga, joto la kuni nalo huiumiza ngozi hiyo. Kazi za shamba zingoje. Na kama nyumbani kwenu au kwa ndugu mnalima zabibu, asikaribie wakati wa kupuliza salfa, kwani unga wake huwasha hata ngozi nzima.

Sasa yakitokea ya jirani. Utaona kwanza sehemu ndogo, pengine ukubwa wa shilingi, ambapo weusi umeondoka na pameonekana pekundu au waridi, panang'aa, pameloa. Usiogope rangi hiyo. Ni tabaka la chini la ngozi, na litafunikwa. Siku hiyohiyo acha mometasoni mahali palipofunguka, endelea nayo pembeni kwenye ngozi nzima.

Maji ya kuoshea utatengeneza mwenyewe. Chemsha nusu lita ya maji yaliyochujwa, yatokote dakika kumi sufuria ikiwa imefunikwa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa kisu, koroga kwa kijiko kilichochemshwa, acha yapoe yakiwa yamefunikwa. Yatumike ndani ya saa 24, yanayobaki yamwagwe. Mpe mama parasetamo nusu saa kabla ya kumwosha: vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya vinane kwa siku, na kama ana chini ya kilo 50 au ana shida ya ini, kipimo apangiwe na daktari. Nawa mikono kwa sabuni. Mimina maji ya chumvi yateremke juu ya kidonda, au lowesha gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) uliegeshe dakika kumi, kisha uliondoe. Usikwangue utando wa njano mwepesi. Si lazima uwe usaha, mara nyingi ni majimaji yaliyoganda.

Juu ya kidonda weka gozi la parafini, lile lenye mafuta lisiloshika kidonda, au pedi laini ya silikoni kama mtaweza kuipata. Kisha gozi kavu la kunyonya, kisha vyote vishikwe na fulana inayobana kidogo au bandeji ya wavu, bila plasta. Badilisha mara moja kwa siku. Likiloa mpaka nje, mara mbili. Likishika, liloweshe kwa maji ya chumvi mpaka liachie lenyewe. Watu wengi huacha kidonda wazi "kipigwe upepo kikauke". Kikikauka hufanya gaga, gaga hupasuka mkono ukiinuliwa, na mnaanza upya. Kidonda cha namna hii hufunga haraka kikiwa na unyevu kidogo.

Hospitali inaweza kuwapa krimu ya sulfadiazini ya fedha ya asilimia 1, ile ya walioungua. Inafaa zaidi kama kuna dalili za vijidudu, hupakwa utando mwembamba mara moja au mbili kwa siku, na ya zamani huoshwa yote kabla ya kupaka mpya. Isitumike kwa aliyewahi kupata mzio wa Septrin au wa dawa za malaria zenye salfa.

Vifaa vya kuondoka navyo Dar es Salaam au kununua kwenye famasi ya Dodoma mjini, kwa sababu duka la dawa la kijijini huenda lisiwe navyo: gozi za parafini za sentimita 10 kwa 10 kama ishirini, paketi za gozi safi kavu kama thelathini, bandeji ya wavu, parasetamo, na kipimajoto. Pamoja na hivyo, karatasi ya daktari inayotaja eneo lililopigwa mionzi, dozi na tarehe ya mwisho. Siku ya pili baada ya kufika, ipeleke kwenye hospitali yenu ya wilaya, mama aonwe ngozi ikiwa bado nzima, na mkubaliane nani atamwangalia. Msisubiri dharura ndipo mjitambulishe.

Mpeleke siku hiyohiyo ukiona: joto la nyuzi 38 au zaidi, usaha wa kijani au harufu mbaya, ngozi kuwa ya moto na kuvimba kupita mipaka ya eneo la mionzi, kidonda kuwa na kina au nyama nyeusi, damu isiyokata, mkono wa kulia kuvimba ghafla, au maumivu yasiyomruhusu kulala baada ya parasetamo. Vipele vyenye mwasho vilivyokwenda zaidi ya eneo mara nyingi ni mzio wa kitu mnachopaka. Acheni vyote isipokuwa maji, mwone daktari. Utando mweupe wenye mwasho kwenye mkunjo au kwapani huenda ni fangasi, na una dawa yake.

Haya yakianza angali Dar es Salaam, asiache kwenda kwenye mashine kwa uamuzi wake. Awaonyeshe wauguzi asubuhi hiyo, wao ndio wataamua kama kuna haja ya kupumzika. Kukatisha mionzi hovyo kunaipa saratani nafasi ya kujijenga.

Kidonda kikitunzwa hivi, kwa kawaida hufunga ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya mionzi kwisha. Kikipita wiki ya sita hakijafunga, arudi kwa wataalamu wa mionzi. Pengine kuna kitu kingine. Eneo hilo litabaki jepesi kuungua na jua maisha yake yote. Na ikitokea baadaye akaandikiwa tena dawa za saratani za dripu, amwambie daktari kuwa kifua cha kulia kilipigwa mionzi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huweza kuamsha upya madhara palepale, hata miezi au miaka ikiwa imepita.